Mistari Mitatu Juu ya Miwili

Kijana mmoja wa hapa Saadani alituletea daftari la marehemu babaye. Ndani yake mna beti chache za shairi, na kila ubeti umekoma katika mstari wa pili. Alitutaka tuzimalizie, kwa kuwa sisi ni walimu. Tulikaa na daftari lile siku nyingi, na hayo ndiyo yaliyotufanya tusome upya Takhmisa ya Liyongo.

Takhmisa ni ushairi wa watu wawili ambao pengine hawakuonana kamwe. Mtunzi huchukua maneno ya aliyemtangulia, mistari miwili miwili, akaongeza mitatu yake, ikawa mitano. Na jina lenyewe latokana na neno la Kiarabu la tano. Wengi hudhani kwamba nyongeza hufuata chini. Sivyo. Mitatu mipya hutangulia, na miwili ya kale hufunga ubeti. Tena mitatu hiyo haina budi kuchukua kina cha mstari wa kwanza wa kale. Basi mtunzi wa pili haendi apendako. Tangu hatua ya kwanza aujua mlango atakaoingilia.

Maneno ya kale katika takhmisa hii husemwa kuwa ya Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya kaskazini. Aliyeongeza ni Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, ambaye ndiye aliyetunga Al-Inkishafi. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa Askofu, aliitia katika kitabu chake Swahili Tales, kilichochapwa mwaka 1870.

Wafikirini watu hao wawili. Mmoja ni mtu wa vita, ajisifu wala hahofu kifo. Wa pili ni mwanachuoni aliyeililia Pate ilipobomoka, naye ajua jinsi majumba ya wenye fahari yanavyokuwa makao ya popo. Angaliweza kumkanya mzee wake. Mistari mitatu yatosha sana kwa kumkanya mtu. Hakufanya hivyo. Alisema kwa kinywa cha Liyongo, akaazima ushujaa usio wake, na kwa hilo twamsifu kuliko kwa ufundi wa vina.

Lakini tunayo lawama. Liyongo alisema mistari miwili akanyamaza, na kule kunyamaza kulikuwa na nguvu. Katika takhmisa hanyamazi. Kabla hajafumbua kinywa tumekwisha kuandaliwa, na neno lililokuwa likipiga ghafula sasa lafika kama mgeni aliyetangaziwa. Tena maneno yake yamekuwa jibu la maneno ambayo hakuyasikia maishani mwake. Na wapiga chapa huongeza shida, maana mara nyingi huchapa mistari yote mitano kwa herufi za namna moja. Msomaji na afunike mitatu ya juu kwa karatasi, asome miwili peke yake, kisha aifunue. Wanawake wetu wasukao ukili hupokezana, huyu akienda jikoni yule huendelea. Na mshonaji wa mkeka akipitisha kidole huona papo hapo mkono ulipobadilika, kwa maana mmoja hukaza na mwingine hulegeza. Kidole cha namna hiyo ndicho kitakiwacho hapa.

Mtu aweza kutuuliza: mbona shuleni mwamwadhibu mtoto amaliziaye hesabu ya mwenzake? Twajibu kwamba mtoto yule huficha. Sayyid Abdallah hakuficha. Maneno ya kale aliyaacha mazima, nasi twaweza kuyatoa tena tukipenda.

Daftari tumemrudishia mwenyewe. Sisi hatukumjua babaye sana, wala hatukupata kumsikia akiimba. Tumemwonyesha kijana mahali pa kuandika, juu, si chini, na kwamba ile miwili asiiguse hata herufi, ingawa katika ubeti wa nne mzee alikosea mizani. Juzi alikuja na mistari mitatu ya kwanza. Wa pili wapwaya kidogo, naye amekwenda kuutengeneza.