Aliyetumwa Akachelewa

Katika Handa's Surprise, kitabu cha picha alichokitunga na kukichora Mwingereza Eileen Browne mwaka 1994, msichana wa Kijaluo amebeba kichwani kapu la matunda ya aina saba, anampelekea rafiki yake Akeyo wa kijiji cha jirani. Njiani tumbili anachomoa ndizi, mbuni anachukua pera, pundamilia chungwa, tembo embe, twiga nanasi, swala parachichi, kasuku pasheni. Handa haoni hata mmoja wao. Macho yako mbele, anawaza Akeyo atapenda tunda lipi, huku nyuma ya kisogo chake inapita mbuga nzima. Mwishoni mbuzi aliyekata kamba anaugonga mchenza, machenza yanajaa kapuni, mambo yanaisha vizuri.

Utani wake unafanya kazi, sikatai. Mtoto anayesomewa anakijua asichokijua Handa, na hakuna raha kama hiyo ukiwa na miaka minne. Lakini tazama gharama yake. Ili msomaji wa Uingereza awaone wanyama, mtoto wa Kenya lazima awe kipofu nyumbani kwake. Tena wanyama wenyewe ni wale wa kadi za posta. Tembo akiingia kijijini watu hupiga madebe, na mahindi ya msimu mzima huweza kwenda kwa usiku mmoja. Hapiti kimya kama mgeni anayeonja embe.

Miaka minane baadaye, 2002, Browne alitoa Handa's Hen, na naona ni kitabu bora kuliko cha kwanza ingawa si chenye umaarufu kama ule. Safari hii bibi yake Handa ana kuku mmoja mweusi, Mondi. Kila asubuhi Handa humpa chakula. Leo Mondi haonekani, kwa hiyo Handa na Akeyo wanaingia kumtafuta, na wanachokikuta ni vipepeo wawili, panya watatu, mijusi wanne, hesabu inapanda hivyo hivyo mpaka vifaranga kumi. Tembo hayumo, twiga hayumo. Na muhimu zaidi, Handa anaona. Ameinama, anachungulia, anasogeza majani. Mwandishi yule yule, mtoto yule yule, ila sasa macho amerudishiwa mwenyewe.

Nilimsomea mpwa wangu wa miaka sita kitabu hiki nikitafsiri papo kwa papo. Kwenye panya akauliza kwa nini hawauawi. Kwenye wale ndege wadogo wanaofyonza maua nikamwambia hao ni chozi, akacheka mpaka akalala chini, kwa sababu kwake chozi ni lile la kulia tu. Alikuwa ameishi miaka sita na ndege huyo kwenye ua wa jirani na hakuna aliyewahi kumtajia jina.

Kinachonivuta katika Handa's Hen ni sababu ya safari. Handa hakutoka nje ili "agundue maumbile". Alikuwa na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa na hofu ndani yake: kuku wa bibi ni mmoja tu. Hapa ndipo kitabu hiki kinapoachana na desturi kubwa ya Kiingereza ya vitabu vya bustani. Katika The Secret Garden cha Frances Hodgson Burnett, cha mwaka 1911, Mary Lennox anaipata bustani iliyofungwa kwa sababu ni mtoto wa jumba kubwa asiye na la kufanya. Wapo watumishi wa kumlisha na mzee wa kutunza maua. Maumbile yanamponya upweke. Vitabu vingi vya picha vya leo, vyenye mtoto aliyevaa mabuti na kushika lenzi ya kukuzia wadudu, ni wajukuu wa Mary. Nje ni mahali pa mtoto mwenye nafasi. Kate Messner, katika Up in the Garden and Down in the Dirt cha 2015, anakaribia upande wetu kidogo: mtoto na bibi yake wanapanda na kupalilia, na picha za Christopher Silas Neal zinatuonyesha minyoo na wadudu wakifanya kazi zao chini ya udongo wakati huo huo. Ni kitabu kizuri. Lakini mlango wa nyuma unaofunguka kwenye bustani yako mwenyewe unabaki pale pale.

Uani kwetu ni kwingine. Uani ndiko kuliko mafiga, kamba ya nguo, pipa la maji, banda la kuku, na katika nyumba za kupanga uani ni pa watu kumi na mbili. Mtoto haendi uani kuvinjari. Anatumwa. Kalete kuni, kaangalie kama kuku ametaga, kachote maji. Na kuvinjari kunatokea katikati, kwenye ile dakika ambayo mtumaji anaanza kuita jina lako kwa sauti ya pili.

Mfano mkubwa wa dakika hiyo ninaoufahamu haumo katika kitabu cha watoto. Umo katika Unbowed, tawasifu ya Wangari Maathai ya mwaka 2006, na aliutaja pia Oslo mwaka 2004 alipopokea Tuzo ya Nobel. Alikuwa akienda kijitoni kumchotea mama yake maji. Humo mlikuwa na mayai ya chura yaliyoshikana kama nyuzi, akadhani ni shanga, akajaribu kuyainua ayavae shingoni. Yakamponyoka kila mara. Baadaye yakawa viluwiluwi. Alipokuwa mtu mzima aliukuta ule mkuyu mkubwa wa utotoni umekatwa ili chai ipandwe, na kijito kimekauka. Ona basi vitabu vya watoto vimemfanya nini. Mama Miti cha Donna Jo Napoli, cha 2010, kina picha za Kadir Nelson zilizoungwa kwa rangi na vitambaa, ni picha za kutundika ukutani kwa kweli, lakini Wangari wake ni mama mwenye hekima anayemgawia kila mwanamke mti wa kutibu shida yake. Anajua kila kitu tayari. Mimi nilimtaka yule asiyejua shanga na mayai, mwenye ndoo bado tupu.

Hapo nadhani tuna kikwazo chetu wenyewe pia, si cha wageni. Hadithi zetu hazimpendi mtoto anayechelewa. Msichana aliyesahau kombe lake pwani, akarudi peke yake kulichukua, alimkuta zimwi akatiwa ndani ya ngoma. Nyumbani sote tulisimuliwa, na sote tulielewa ujumbe: nenda moja kwa moja, rudi moja kwa moja. Sungura na fisi nao wanafundisha ujanja na ulafi. Hakuna anayekuambia sungura anakula nini asubuhi.

Nitaambiwa napamba kazi za watoto. Hoja hiyo ni ya kweli kwa kiasi, hasa kwa wasichana, kwa kuwa ndio hutumwa zaidi na ndio huadhibiwa zaidi wakichelewa. Msichana anayetembea kilomita nyingi na dumu la lita ishirini hana nafasi ya kutazama viluwiluwi, na kitabu kitakachomchora akitabasamu kitakuwa kinamdanganya. Kwa hiyo mwandishi anapaswa kupima umbali, uzito wa ndoo, na nani anasubiri. Browne alipima: kazi ni ndogo, bibi si mkali, rafiki yupo. Ndani ya vipimo hivyo kuchelewa kunawezekana.

Majina tunayo. Vunjajungu, yule mdudu mrefu wa kijani anayekunja mikono kama anaomba, ameitwa hivyo kwa imani kwamba ukimgusa, chombo utakachoshika baada yake kitavunjika. Aliyempa jina alikuwa uani, karibu na vyungu, na bila shaka kuna aliyekuwa ametumwa kuviosha. Ndani ya neno moja kuna mdudu, chungu, mtoto na kipigo kinachokuja. Bado sijakiona kitabu chake.