Uhakiki wa Ufufuaji wa Neue Haas Grotesk: Nafasi Baina ya Herufi kama Kigezo cha Uaminifu

Fonti ya Neue Haas Grotesk iliyotolewa na Christian Schwartz mwaka 2010 husifiwa kwa kurejesha umbo la asili la herufi zinazojulikana leo kwa jina la Helvetica. Uhakiki huu unaikubali sifa hiyo kwa kiasi tu. Kinachostahili kuitwa ufufuaji katika kazi hiyo ni nafasi baina ya herufi kuliko michoro yenyewe.

Herufi hizo zilichorwa na Max Miedinger kwa uelekezi wa Eduard Hoffmann, zikatolewa mwaka 1957 na kiwanda cha Haas, Münchenstein, Uswisi. Jina la Helvetica lilikuja mwaka 1960. Katika herufi za risasi, kila ukubwa ulisubiwa peke yake, hivyo zile ndogo ziliweza kuachiwa nafasi zaidi ili zisomeke, na kubwa zikakaribiana. Mashine ya Linotype iliuvuruga mpango huo. Kalibu yake moja ilibeba herufi ya kawaida pamoja na ile nene, na zote mbili zikalazimika kuwa na upana uleule. Baadaye fonti za kidijitali zilitumia mchoro mmoja kwa kila ukubwa, na masharti ya mashine yakarithiwa kana kwamba yalikuwa uamuzi wa msanii.

Schwartz alitenga seti mbili: ya vichwa vya habari na ya matini. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuipima faida yake kwa neno kama "wanawake", ambamo w yenye pembe hukaa kando ya a ya mviringo mara mbili. Nafasi ikikosewa, neno huonekana kama limekatika. Katika seti ya matini hushikamana hata likiwa dogo.

Hata hivyo, seti ya vichwa ina herufi nyembamba kama uzi ambazo Haas haikuzitoa mwaka 1957. Ni kweli kwamba kazi ilianza mwaka 2004 kwa ajili ya gazeti la The Guardian, ikakamilishwa kwa ajili ya jarida la Bloomberg Businessweek, na wahariri wa leo wana mahitaji yao. Mahitaji hayo yanatosha kuhalalisha herufi mpya, lakini kuziweka chini ya jina la kale ni kumbebesha Miedinger kazi asiyoifanya. Mtafiti anayeitumia fonti hii kama ushahidi wa uchapaji wa Uswisi wa miaka hiyo hana budi kujifunga kwenye unene uliokuwapo katika risasi.