Namna ya Kumuua Staringi

Kwenye vibanda vya video kanuni inajulikana: staringi hafi. Atapigwa risasi, atatumbukia mtoni, na sehemu ya pili utamkuta mzima. Katika tamthilia za kisayansi za televisheni, zinazoendelea miaka nenda miaka rudi, kanuni hiyo ndiyo ngumu zaidi kuivunja, maana humo zimo mashine za kumrudisha mtu yeyote. Ndiyo maana naistahi kazi iliyofanywa katika “Earthshock”, kisa cha Doctor Who kilichorushwa na BBC kwa sehemu nne Machi 1982. Humo anakufa Adric, kijana bingwa wa hesabu aliyekuwa msafiri mwenza wa Daktari, mhusika mkuu, tangu 1980.

Tuangalie ugumu wenyewe. Daktari anamiliki TARDIS, chombo kinachosafiri hadi zama zozote. Hata mtoto atauliza: si arudi nyuma dakika tano amchukue mwenzake? Mtunzi, Eric Saward, anaanza kuziba mwanya huo mapema, kabla hatujajua kama upo. Katika sehemu ya kwanza Daktari yumo pangoni, anawaonyesha wenzake mabaki ya dinosaria yaliyogandamana na mwamba, na kuzungumzia walivyotoweka. Tunaona ni porojo za kupitisha muda. Halafu mwishoni mwa sehemu hiyo wanatokea Cybermen, majitu nusu mashine ambayo hayakuonekana tangu 1975, na mtazamaji anadhani mshtuko aliowekewa ndio huo.

Sehemu ya nne, meli ya mizigo ambayo Cybermen wameielekeza Duniani inarudi nyuma miaka milioni 65. Hapo ndipo zile porojo za pangoni zinapodai deni lao: mgongano wa meli hii na Dunia ndio uliowamaliza dinosaria. Ukizuiwa, historia yote inavurugika. TARDIS nayo imepigwa risasi kwenye mitambo, haielekezeki. Wenzake Adric wanaingia kwenye chombo cha kujiokolea, na yeye pamoja nao, lakini mlango ukiwa unafungwa anachomoka kwenda kumalizia fumbo la mwisho la kompyuta inayoiongoza meli. Cyberman aliyejeruhiwa anaifyatulia kompyuta ile ile. Basi.

Kinachonivutia kuliko vyote ni beji. Adric alivaa kifuani beji yenye dhahabu, tuzo ya umahiri wake katika hesabu, na tulikwisha kuizoea kama kifungo cha shati. Dhahabu huwadhuru Cybermen. Daktari anaichukua, anaisaga kwenye kifua cha kiongozi wao, nayo inavunjika. Meli inapolipuka, majina ya wasanii yanapita juu ya picha ya vipande vya beji hiyo, bila ule muziki ambao Waingereza waliujua tangu 1963. Hakuna sauti yoyote.

Tena Saward hakumpaka Adric asali ili tumlilie. Watazamaji wengi hawakumpenda. Walimwona mjuaji na mnung'unikaji. Katika sehemu ile ile ya kwanza anagombana na Daktari, anataka kurudishwa kwao. Dakika yake ya mwisho ameshika mshipi wa marehemu kaka yake, na kinachomkera ni kwamba hatajua kama jibu lake lilikuwa sahihi. Hana hotuba ya kishujaa. Ni ubishi wake ule ule tuliouchoka, na safari hii unauma.

Kisa kilichofuata, “Time-Flight”, kimenivunja moyo. Wanamlilia kidogo mwanzoni, Daktari anakataa kurudi kumwokoa, kisha safari inaendelea kana kwamba hakuna aliyepungua. Kilio kile kilistahili zaidi.

Wewe unayeandika tamthilia, ukitaka kujifunza jinsi Adric alivyouawa, usikimbilie sehemu ya nne. Itazame ya kwanza mara mbili, pale pangoni.