Heko, mwalimu wa darasa la kwanza

Januari 2016, Tanzania ilipofuta ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne, watoto walimiminika darasa la kwanza. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Shule nyingi zilikivuka mbali.

Aliyebeba mzigo ni mwalimu wa KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtazame kelele zinapopanda. Hapazi sauti. Anapiga makofi: pa, pa, papapa. Watoto wanayarudisha vilevile. Anarudia taratibu, kisha kwa vidole viwili tu, na darasa limetulia bila mtu kukemewa. Yule mtukutu wa nyuma, bingwa wa kuchokoza wenzake, ndiye mgawa madaftari. Mikono yake ina shughuli.

Saba toa tatu hufanyika mezani: vizibo saba vya soda, vitatu vinarudi koponi, hesabu vilivyobaki. Kwenye vipande vya boksi kaandika silabi. Mtoto anapanga “ka” na “ta”, anasoma “kata”. Anazigeuza, anapata “taka”, na benchi zima linacheka.

Fimbo hunyamazisha upesi, sikatai. Lakini mtoto mwenye hofu hatazami ubao, anatazama mkono wa mwalimu.

Na bado wapo wanaoliona darasa hili kama la kupumzikia! Wakae humo asubuhi moja tu. Kwa wakuu wa shule: mkimpata anayeliweza, msimhamishie darasa la saba kwa kisingizio cha kumpandisha hadhi. Mpeni chaki, manila na msaidizi.