Tanzia za Supamaketi Hazijui Mlango wa Nyuma

Kila baada ya miezi kadhaa kuna mtu huirudisha ile picha: mfuko wa plastiki wa Nakumatt, umekunjwa vizuri, umetolewa chini ya kitanda cha shosho. Watu wanaanza kukumbuka. Mmoja alisukumwa kwenye toroli akiwa mdogo. Mwingine anaikumbuka Smart Card ya babake na zile pointi ambazo hakuna mtu nyumbani alijua zimefika ngapi. Kisha anakuja mjuaji na aya zake tatu za kueleza kilichoiua: walipanuka haraka, walikopa kupita kiasi, waliendesha kampuni kubwa kama duka la familia.

Nimesoma na kutazama tanzia nyingi za aina hii, na siku hizi naweza kuzikariri kabla sijafika mwisho. Uchumi ilianzishwa na serikali mwaka 1975, ikafungwa 2006, ikafufuliwa mwaka huohuo, ikarudi kuugua. 2015 ikafunga matawi yake ya Uganda na Tanzania. Nakumatt ilifika Uganda, Rwanda na Tanzania, ikawa na matawi zaidi ya 60, halafu Januari 2018 mahakama ikaiweka chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe. Deni lilikuwa limepita shilingi bilioni 30. Tuskys, mwanzilishi wake Joram Kamau alifariki 2002, wanawe wakapelekana kortini, na kufikia 2020 wenye majengo walikuwa wanafunga milango kwa sababu ya kodi.

Yote ni kweli. Shida yangu ni mahali msimuliaji anaposimama. Kila mara amesimama upande wa toroli. Anaona rafu, anaona taa, anaona tembo wa Nakumatt akimtabasamulia. Hajawahi kuzunguka nyuma, pale malori na Probox zinaposhusha mizigo, ujue nani alileta kilichokuwa kwenye hiyo rafu, na alilipwa lini.

Kwetu huku huwezi kusimama upande mmoja tu. Nakumatt na Tuskys zilipokuwa na matawi Kisii mjini, sisi wa Nyamira tulipanda matatu kwenda kuyaona kama watu wanaoenda sherehe. Ulivaa viatu vizuri. Hata ukinunua mkate mmoja, ulitembea safu zote, ukafungua mlango wa friji ambayo hutainunua na hakuna aliyekufukuza. Hilo silidharau. Kwa kijana wa kijijini, kuingia mahali penye vitu vyote vile bila kuulizwa "unataka nini?" ilikuwa heshima fulani, na wanaoicheka hamu hiyo leo mara nyingi ni watu waliokulia karibu nayo.

Lakini huyohuyo anayeingia kwa mlango wa mbele akiwa mteja, kwao kuna migomba. Kuna chinsaga na rinagu shambani, kuna maparachichi. Ukanda huu unalisha miji. Kwa hiyo nyumba nyingi zilikuwa na mtu mmoja mbele akisukuma toroli na mwingine nyuma akishusha kreti.

Nyuma ilikuwa ni mamangu. (Kwa Kigusii mama huitwa baba, jambo ambalo rafiki zangu wa Nairobi hawajamaliza kulicheka.) Yeye na wanawake wenzake wa chama walikuwa wanapeleka ndizi kwenye duka moja kubwa. Jina naliacha, ila halimo kati ya haya niliyoyataja. Walikata mikungu alfajiri, wakatenganisha vichane, wakafuta kila kimoja kwa kitambaa chenye maji maana duka halikutaka utomvu. Walipewa karatasi yenye muhuri na kuambiwa malipo ni baada ya siku 30. Zikawa 60. Zikawa 90. Halafu wakaambiwa aliyekuwa anashughulikia faili yao amehamishwa. Karatasi zile ziko kwenye mkebe wa biskuti mpaka leo. Mwaka huo mimi nilikaa nyumbani muhula mzima nikimsaidia kupalilia, nikidhani ni uvivu wake wa kutafuta fee.

Sasa rudi kwenye zile aya tatu za mjuaji. "Walikopa kupita kiasi." Kwa nani? Tunaposikia deni tunaona benki, wanaume wa suti, meza ndefu. Lakini deni la supamaketi kwa kiasi kikubwa ni bidhaa zilizoletwa na hazijalipiwa: maziwa, unga, mikate, ndizi. Duka linauza mkate leo asubuhi kwa keshi, na mwoka mkate anangoja miezi mitatu. Katikati hapo kuna pesa bure, haina riba, na ndiyo inayofungulia tawi jipya mji mwingine. Kwa hiyo "kupanuka haraka" na "kutolipa saplaya" si sababu mbili. Ni kitu kimoja kinachotazamwa mbele na nyuma. Mambo yalipofika mbali kwa Tuskys mwaka 2020, hata Mamlaka ya Ushindani ililazimika kuingilia malipo ya wasambazaji.

Hata majina yalikuwa yanatuambia kitu. Nakumatt ni Nakuru Mattresses iliyofupishwa. Tuskys ilikuwa Tusker Mattresses. Yaani zote mbili zilikuwa na magodoro kwenye jina, na waliozilalia ni watu wa benki; saplaya alilala chini. Sawa, ni mzaha wa matatu, lakini hujausikia kwenye documentary yoyote.

Na rafu zenyewe zilisomeka, kwa anayejua kusoma. Duka linapoanza kuishiwa, huoni pengo mara moja. Unaona pakiti zimesogezwa mbele zikawa mstari mmoja, nyuma yake hewa. Unaona safu nzima ya tishu na maji ya chupa mahali palipokuwa na mafuta ya kupikia. Hiyo ni barua kutoka kwa saplaya: mmoja mmoja wameacha kuleta. Mwaka 2017 Wakenya wote walikuwa wanaitembelea barua hiyo ndani ya Nakumatt, na sisi tukasema tu, "Siku hizi hakuna vitu." Agosti mwaka huohuo mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku, ndiyo maana ule mfuko wa shosho unaonekana kama masalia ya enzi.

Wenzangu wakifika hapa hupenda kuisifu Daraja Mbili, kwamba soko la matope limezizika supa zote. Polepole. Nimeuza Daraja Mbili. Broka atakuangalia mkungu wako kama amekuja kumtambua maiti, atataja bei ya matusi, na jua likianza kushuka utaikubali. Ushuru unalipa, mvua inakunyea. Tofauti ni kwamba jioni una doo mkononi, hata kama ni kidogo, na unajua uso wa aliyekupunja.

Mwezi uliopita mathe alikuja mjini tukaingia supa mpya, inang'aa, muziki juu. Alikataa toroli. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye ndizi, akainua kichane, akaangalia kilipokatwa, akakigeuza. Kijana wa pale akakaribia kwa adabu.

"Nikupimie, mama?"

"Hizi mnamlipa mwenyewe baada ya siku ngapi?"

Kijana akacheka, akaniangalia mimi, akamwangalia tena. "Mama, mimi ni wa kupanga tu."

"Na wewe wanakulipa?"

Hapo hakucheka. Alisema ya mwezi uliopita bado.