Kumsoma Samaki Anayeelea

Samaki wa dhahabu akipinduka tumbo juu, wafugaji wengi hukimbilia dukani kununua dawa. Fundi huvuta kiti akaketi mbele ya tangi. Je, samaki anapambana ashuke, na kila akituliza mapezi anarudishwa juu? Au amelala chini, na kuinuka kwake ni kwa kujikokota? Shida ilianza mara baada ya kula, au imekuja polepole kwa majuma? Ustadi huu wa kutazama kabla ya kutibu ndio ninaousifu, maana unadai subira kubwa kwa kiumbe mdogo asiyeweza kulia.

Ndani yake mna kibofu cha hewa chenye vyumba viwili, kinachomwezesha kutulia majini bila kuzama wala kupanda. Kwa samaki wa maji yasiyo na chumvi, kibofu huchukua takriban asilimia 7 ya ujazo wa mwili. Kikizidi au kikipungua kidogo tu, utulivu unapotea. Samaki wa dhahabu ana pia mrija mwembamba kati ya kibofu na umio, hivyo huweza kumeza hewa juu ya maji na kuitoa. Wenye miili ya mviringo, kama Ryukin na Oranda, ndio wanaotaabika zaidi. Binadamu amewachagua kizazi baada ya kizazi wawe wafupi na wanene, utumbo na kibofu vikabanana. Umbo hilo tumelitaka sisi, na gharama yake wanailipa wao. Ndiyo maana naona anayewafuga ana deni kwao.

Fundi huanza na maji. Hupima amonia na nitriti, ambazo zinapaswa kuwa sifuri, kisha halijoto, kwa kuwa maji yakipoa chakula hukawia tumboni. Maji yakiwa mabaya, hubadilisha sehemu yake kabla ya jambo jingine. Halafu humnyima samaki chakula siku 2 au 3. Mwenye huruma bila ujuzi huona huo ni ukatili, lakini samaki mkubwa hadhuriki kwa mfungo huo, na mara nyingi tumbo likifunguka hurudi wima. Baadaye hupewa njegere iliyochemshwa, kumenywa na kupondwa. Punje za chakula zinazoelea huachwa, kwani humfanya ameze hewa pamoja na chakula.

Asipopona, maswali huwa mazito: maambukizi, uvimbe, figo. Magamba yakisimama na tumbo likifura, mwili umeshindwa kutoa maji, na kuelea sasa ni jambo dogo. Hapo anahitajika daktari wa mifugo mwenye eksirei. Hewa huonekana nyeusi pichani, hivyo picha humwonyesha daktari iwapo kibofu kimefura, kimehama, au kimejaa maji. Kumwaga dawa ya bakteria tangini bila kujua hayo ni kubahatisha, na huweza kuua hata bakteria wema wanaosafisha maji kwenye kichujio.

Samaki aina ya sikilidi wa Ziwa Tanganyika, wanaovuliwa Kigoma kwa ajili ya matangi ya ng'ambo, wana kisa tofauti kabisa. Hawana ule mrija. Gesi huingia na kutoka kibofuni kupitia damu, taratibu. Kwenye kina cha mita 30 shinikizo ni takriban mara 4 ya lile la juu, kwa hiyo samaki akipandishwa ghafla gesi hutanuka kwa kiasi hicho na tumbo kufura. Mzamiaji hodari humweka kizimbani, akampandisha kwa hatua na kumpa muda wa kuzoea kila kina. Tiba inafanyika kabla ya ugonjwa, na njegere haina kazi hapo.

Wako samaki wa dhahabu wasionyooka tena. Mlezi wao huondoa changarawe zisiwachubue, hupunguza kina cha maji, hutuliza mkondo wa pampu na kuwalisha mdomoni. Huwakagua pia ngozi, kwani inayotokeza nje ya maji hukauka na kufanya kidonda. Wanaoendelea kula waishi. Anayekataa chakula kabisa, akadhoofika, daktari anaweza kumlaza moja kwa moja kwa dawa ya usingizi, bila maumivu.