Mshipi wa Mvuvi Kwenye Adungu

Mshipi wa nailoni unaouzwa kwa wavuvi wa Pakwach, Panyimur na Rhino Camp una mteja mwingine ambaye havui samaki. Mvuvi huuliza utabeba kilo ngapi kabla haujakatika. Mteja huyu wa pili huuviringisha kati ya vidole kupima unene, huangalia kama umenyooka au umejikunja kwa kukaa sana dukani, kisha huomba akatiwe mita chache za huu mwembamba, mita chache za wa kati, na mita chache za ule mnene kuliko yote. Akifika Arua ataifunga mishipi hiyo kwenye adungu, na ikifika Jumapili itakuwa inaongoza kwaya.

Adungu ni kinubi cha upinde. Wenyewe wa asili ni Waalur, majirani wa kusini wa Walugbara, lakini sauti yake imezoeleka kote West Nile, eneo la kaskazini-magharibi mwa Uganda: kanisani, shuleni na kwenye harusi. Mwili wake huchimbwa katika gogo moja, kama mtumbwi mdogo, ukafunikwa ngozi mbichi ya ng'ombe au mbuzi inayokazwa kwa kamba upande wa nyuma. Chini ya ngozi hupita ufito wa mbao unaoshika ncha za nyuzi. Kwenye kichwa cha mwili huchomoza shingo iliyopinda, nayo imetobolewa matundu ya vigingi vya kukazia. Adungu za zamani zilikuwa na nyuzi 7 hadi 10. Za vikundi vya leo huanzia ile ndogo ya kupakatwa hadi besi inayosimamishwa chini, na nyingine huzidi idadi hiyo ya nyuzi. Ndugu zake wako pande zote: ennanga ya Buganda, na vinubi vya Wazande na Wamangbetu wa Kongo, ambavyo Mjerumani Georg Schweinfurth aliviona katika safari yake ya 1868 hadi 1871.

Wanaokisifu chombo hiki husifu mkono wa mpigaji. Wachache humsifu aliyechagua nyuzi, ingawa nusu ya utamu wa adungu huamuliwa kabla kigingi hakijazungushwa hata mara moja.

Zamani nyuzi zilitengenezwa kwa kano na utumbo wa wanyama, au kwa nyuzi za mimea zilizosokotwa. Nailoni ilizaliwa mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont, Marekani, mikononi mwa mkemia Wallace Carothers. Vita Kuu ya Pili ilipofanya nyuzi za utumbo ziadimike, kwa kuwa madaktari walizihitaji kushonea majeruhi, fundi wa New York, Albert Augustine, alianza kujaribu nailoni kwenye magitaa. Mpigaji mashuhuri wa Hispania, Andrés Segovia, akamtia moyo, na miaka ya 1940 ilipoisha gitaa la nyuzi laini lilikuwa limeshaaga utumbo. Mtengenezaji wa adungu naye akauona uzi huohuo kwa mvuvi. Ni njia mbili tofauti kabisa zilizofika kwenye kitu kimoja, na kwa sababu ileile: nailoni hutoka kiwandani ikiwa na unene uleule mwanzo hadi mwisho.

Ulingano huo wa unene ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Uzi ulio mnene huku na mwembamba kule hautoi noti moja, hutoa noti inayogombana na nafsi yake, na hakuna kigingi kitakachoutuliza. Wapigaji wa luti wa Ulaya, karne ya 16, walikuwa na kipimo ambacho kinafaa mpaka leo hata kwa mshipi wa samaki. Shika uzi kwa mikono miwili, uvute, uupige kwa kidole gumba na kuutazama kwenye mwanga. Uzi mzima huonyesha kingo mbili safi zenye nafasi tupu katikati. Uzi wenye kasoro huonyesha mstari wa tatu unaotangatanga humo ndani. Huo haufai kufungwa, hata kama ni mpya.

Baada ya ubora unakuja unene, na hapa kuna kanuni ambazo padri wa Ufaransa, Marin Mersenne, aliziandika mwaka 1636, na ambazo vidole vya fundi wa Arua vinazijua bila kuzisoma. Uzi ukikatwa nusu ya urefu wake, hupanda oktava nzima, do ya chini ikawa do ya juu. Ukibaki na urefu na mkazo uleule lakini unene ukawa mara mbili, hushuka oktava nzima. Na anayetaka kuupandisha oktava kwa kukaza tu, bila kugusa urefu wala unene, atahitaji mkazo mara nne, na huenda uzi ukakatika kabla hajafika.

Chukua uzi wa sentimita 50 unaotakiwa kutoa G iliyo chini ya do ya kati ya kinanda. Kwa nailoni ya milimita 1, utahitaji mkazo wa kilo 3 na nusu hivi. Kwa nailoni ya milimita 0.7, noti ileile hupatikana kwa kilo 1 na kitu. Tofauti ya milimita 0.3, ambayo jicho huikosa kwa urahisi, inapunguza mkazo kwa nusu. Chini ya kidole, uzi wa kwanza una mwili, unarudisha nguvu, unasikika mpaka mlangoni. Wa pili unalegalega, na ukipigwa kwa nguvu noti yake hupanda kwanza kisha ikashuka. Ndiyo maana fundi makini hupanga nyuzi zake zote, kuanzia fupi hadi ndefu, ili kidole kikipita kutoka upande mmoja hadi mwingine kikutane na ugumu unaokaribiana. Adungu ambayo imefungwa mshipi wa unene mmoja tu, kwa kuwa ndio uliopatikana, hujulikana mara moja: nyuzi fupi zake zinalia vizuri na ndefu zinakoroma.

Kuna jambo jingine linalowashangaza wanaoanza. Nyuzi mbili za nailoni ya aina moja, moja nyembamba na nyingine nene, zikiwa na urefu sawa, hukatika zikifika takribani noti ileile. Uzi mnene una nguvu zaidi, lakini ni mzito zaidi kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo unahitaji kuvutwa zaidi ili kufika hapo. Maana yake ni kwamba noti ya juu kabisa ya adungu haiamuliwi na duka. Inaamuliwa na mchongaji siku anapoipinda shingo na kutoboa tundu la kigingi cha mwisho. Akilitoboa mbali kidogo na ngozi, mpigaji atakatikiwa na uzi huo kila mwezi na kulaumu nailoni bure.

Halafu inakuja kutuni, yaani kupatanisha sauti za nyuzi, na hapa ndipo subira ya fundi inapostahili kuimbiwa yenyewe. Nyuzi 10 za mkazo tuliotaja huvuta kwa zaidi ya kilo 30 kwa jumla, na upande mmoja wa uzito huo ni shingo ya mti, upande mwingine ni ngozi. Vyote viwili hukubali kuvutwa. Ukikaza uzi wa besi, shingo hujikunja kiasi kisichoonekana na ngozi huinuka kidogo, na nyuzi zote zilizokwisha kutuniwa hulegea. Anayeanza na nyuzi fupi, akamaliza na ndefu, akisikiliza tena atakuta kazi yake ya mwanzo imeharibika. Mzoefu huanza na zile zinazovuta zaidi, hupita mzunguko wa kwanza haraka bila kutafuta usahihi, hurudi mzunguko wa pili, na wa tatu, kila safari akisahihisha kidogo kuliko safari iliyopita. Nailoni mpya nayo huendelea kurefuka, na mafundo huendelea kujikaza. Ndiyo sababu nyuzi zifungwe siku kadhaa kabla ya sherehe, kamwe zisifungwe asubuhi ya sherehe.

Mpigaji wa gitaa anayesoma haya atacheka kwa kujitambua, hasa mwenye gitaa lile la kifua kilichochongwa kwa mbinuko na matundu mawili ya umbo la herufi f, mtindo ambao Lloyd Loar aliukamilisha kwa kampuni ya Gibson katika L-5 ya mwaka 1922. Daraja la gitaa hilo halijagundishwa. Linakaa kwa kukandamizwa na nyuzi peke yake, na mahali linapokaa ndipo usahihi wa kila noti unapoamuliwa. Uzi huguswa kidogo tu juu ya freti ya 12 utoe sauti nyembamba ya oktava, kisha hubonyezwa hapohapo. Ukibonyezwa ukatoa sauti ya juu zaidi, daraja lirudishwe nyuma kuelekea mkiani. Ukitoa ya chini, lisogezwe kuelekea shingoni. Na ukibadilisha aina ya nyuzi, uanze upya: uzi wa tatu ambao ni waya mtupu huhitaji kurudishwa nyuma kuliko uliozungushiwa waya. Mwenye kuvua nyuzi zote sita kwa pamoja huliona daraja lake likianguka na alama yake ikipotea, kwa hiyo nyuzi hubadilishwa mmoja mmoja. Kwenye vinubi sheria ni hiyohiyo. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Jumba la Makumbusho la Uganda, aliainisha vinubi vya Afrika kwa namna shingo inavyokaa mwilini, na shingo ya ennanga hushikiliwa na mvuto wa nyuzi na ngozi tu. Ondoa nyuzi zote, umekibomoa chombo.

Tofauti iko hapa: uzi mmoja wa gitaa hutoa noti nyingi, na kosa la daraja hugawanyika kati yao. Uzi wa adungu una noti moja pekee. Ukikosea, umekosea wote.

Lakini kukosea kwa kipimo cha nani? Mwaka 1885 Mwingereza Alexander Ellis alieneza kipimo cha senti, 100 kwa kila nusu toni ya kinanda, 1,200 kwa oktava. Wachsmann alikitumia kupima ennanga ya Buganda, na mwaka 1950 akaandika katika jarida la Nature kwamba alikuta oktava imegawanywa katika hatua tano zinazokaribia kulingana, kila moja kama senti 240. Hatua hiyo haimo kwenye kinanda chochote. Mpigaji aliyeituni hakuwa amekosea hata chembe.

Adungu za West Nile zimekwenda njia nyingine. Tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofungua mlango wa ala za wenyeji katika ibada, kwa hati ya Desemba 1963, kinubi hiki kimeingia kwenye Misa na kutuniwa do re mi ya nyimbo za kwaya. Hata hivyo sikio halijauzwa. Anayetuni kwa kusikiliza nyuzi mbili zikipigwa pamoja huikaza mi mpaka itulie juu ya do bila mtetemo, na hapo huwa imefika senti 386. Programu ya simu humwambia amekosea, kwa kuwa mi ya kinanda iko kwenye 400. Hizo senti 14 ndizo chanzo cha mabishano mengi katika vikundi vinavyochanganya adungu na kinanda cha umeme. Kinanda hakiwezi kusogea, kwa hiyo penye kinanda nyuzi zikifuate. Pasipo kinanda, simu ibaki mfukoni. Adungu tano zilizotuniwa kwa masikio hulia kwa utulivu ambao mashine haijawahi kuufikia.

Kutoka Arua kwenda Koboko kuna kilomita hamsini na kitu za lami, kuelekea pembe ambako Uganda, Kongo na Sudan Kusini hukutana. Katika soko la Koboko Kikakwa, Kiswahili, Kilingala na Kiarabu cha Juba hupishana katika sentensi moja, na magitaa ya Kongo yamesikika huko kwa vizazi. Yeyote anayesikiliza kikundi cha adungu kwa makini atayasikia humo pia: besi inayotembea, ya kati inayoshika mwendo, ndogo inayojibu juu kama solo. Kikundi kinachosafiri njia hiyo na vyombo nyuma ya gari, katika ukavu wa Desemba hadi Februari, hufika na ngozi zilizokazika na nyuzi zote zimepanda. Msimu wa mvua huwa kinyume: ngozi hunywa unyevu, huinuka, nyuzi hushuka. Kutuni Arua asubuhi na kupiga Koboko mchana bila kurudia ni kuwadhulumu waimbaji.

Waimbaji ndio wenye neno la mwisho kuhusu do iwekwe wapi. Adungu iliyo kwenye C haiwezi kuimba kwenye G mpaka kila fa ipandishwe nusu toni, na haiwezi kuimba kwenye F mpaka kila si ishushwe. Katikati ya ibada hakuna nafasi ya kufanya hivyo kwa vyombo vitano, kwa hiyo mwalimu wa kwaya mwenye busara hupanga nyimbo za Jumapili kwa kufuata nyuzi.

Maarifa haya yote hukaa kichwani mwa watu wachache, na kila uzi unapokatika kijijini hurudishiwa mshipi wowote uliopo. Ingefaa kila adungu inayotoka kwa fundi itoke na karatasi moja iliyogundishwa mgongoni: urefu wa kila uzi kwa sentimita, unene wake kwa milimita, na noti yake. Shule na parokia zinazonunua vyombo hivi zina nguvu ya kuidai karatasi hiyo kabla ya kulipa.